Vilivyovunjwa na Vilivyolazwa

Mjane alifungua mlango wa duka, akausukuma, kisha akasogea pembeni ili fundi atangulie. Tangu mumewe aokotwe humo ndani Jumanne asubuhi hakuwa amekanyaga hapo, na leo ilikuwa Alhamisi.

"Tangulia tu, mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa kwenye hiki kiti cha mlangoni. Ukiniuliza nitajibu."

Fundi mwenyewe aliitwa Msasa. Jina alilipata karakanani, wengine wakisema ni kwa kazi yake ya kusugua na kukarabati samani za kale, wengine wakisema ni kwa ulimi wake. Hakuwahi kujisumbua kuuliza nani yuko sahihi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mwenye vidole vyenye mabaka ya rangi yasiyotoka kwa sabuni, na mdogo wake wa pekee alikuwa mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua mwenye duka hili.

Mdogo huyo, ambaye watu wote walimwita Kitinda, ndiye aliyekuwa msaidizi wa dukani. Ndiye aliyemkuta Mzee, kama walivyomwita mwenye duka, amelala chini, kichwa kimepasuka kwenye kona ya meza ya marumaru, na vitu vimevunjwa kila upande. Alipiga kelele, majirani wakaja, polisi wakaja, na kabla ya adhuhuri yeye ndiye aliyekuwa ndani ya gari lao. Hoja yao ilikuwa fupi. Mlango ule hujifunga wenyewe ukiuvuta, na kuufungua kutoka nje kunahitaji ufunguo. Haukuvunjwa, na ufunguo wa pili alikuwa nao Kitinda. Wiki iliyopita Mzee alimfokea mbele ya wateja kwa kuangusha birika la shaba. Na Jumatatu mchana, saa ambayo daktari alisema ndiyo ya kifo, Kitinda alikuwa amelala chumbani kwake, peke yake, bila shahidi.

Msasa aliruhusiwa kuingia kwa sababu mjane alihitaji orodha ya vilivyoharibika, na kwa sababu Inspekta alikiri kwamba kituo kizima hakikuwa na mtu wa kutofautisha kabati la miaka mia mbili na la juzi. "Sisi tumeshapiga picha," alimwambia. "Wewe andika unachokiona. Usiandike unachokitaka."

Alifungua madirisha, akatoa daftari, tochi, lenzi na kisu kidogo. Alianza kushoto mwa mlango, akafuata ukuta. Ndivyo alivyofundishwa na Babu Patasi, mzee aliyemfunza kazi hii: chumba husomwa kwa kuzunguka, wala hakirukwi hata kigoda.

Vilivyovunjwa vilikuwa sita. Kabati refu la vitabu lililoangushwa kifudifudi, viti viwili vya mikono, kasha la nguo, meza ndogo ya duara, na fremu kubwa ya kioo. Msasa aliviandika vyote kwanza, ndipo akapiga magoti kutazama kimoja kimoja. Kiti cha kwanza kilipigwa mahali mguu unapoungana na fremu. Cha pili vilevile. Meza ya duara ilipigwa chini, pale nguzo yake inaposhika miguu mitatu. Kila kitu pigo moja au mawili, na kila pigo kwenye kiungo, pale gundi inapoachia bila kuhitaji nguvu nyingi. Mtu mwenye hasira hupiga pale mkono unapofika. Huyu alichagua.

Juu ya rafu, hatua mbili tu kutoka kwenye vipande vya kasha, vikombe vya kauri vilikuwa vimesimama na vumbi lake. Hakuna hata kimoja kilichoguswa.

Kisha akaiona saa. Ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati lililoanguka, saa ya mbao nyeusi yenye uso wa shaba, imelazwa chali juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Kining'inio chake, kile kipande cha shaba kinachoyumba ndani, kilikuwa kimetolewa, kikaviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia vumbi na kuwekwa kando.

"Mama, saa hii hukaa wapi?" Msasa aliuliza.

"Juu ya lile kabati la vitabu. Miaka nenda miaka rudi."

"Polisi ndio walioishusha?"

"Walipokuja niliwachungulia kutoka mlangoni. Ilikuwa hapohapo chini. Wakasema mwizi alitaka kwenda nayo, akaghairi."

Msasa aliinama juu ya blanketi. Mwizi huikumbatia saa na kukimbia, kining'inio kikigonga ndani mpaka kivunjike. Kukitoa kwanza ni tabia ya watu wa kazi hii tu, na mkono wao hufanya hivyo kabla akili haijauambia. Yeye angefanya hivyo. Na Kitinda angefanya hivyo pia, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na mara moja alimchapa kibao cha mkono alipobeba saa bila kukitoa. Alikaa na kalamu juu ya karatasi, akafikiria kuuacha mstari ule wazi. Aliogopa kweli. Mwishowe akaandika, kwa sababu picha za polisi zilikuwa nayo tayari.

"Kuna jambo sijui kama lina maana," mjane alisema kutoka mlangoni. "Jirani amesema Jumatatu mchana, siku niliyokwenda kulala kwa binti yangu, alimwona dalali akitoka hapa na kitu kikubwa kwenye gunia. Niliwaambia polisi. Wakaandika, wakaondoka."

Dalali alikuwa akipatikana siku zote ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za benki, akiwa na simu mbili na mswaki mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wenye vitu na wanaovitaka. Msasa alimfikia kwa hatua ambazo zilimfanya auondoe mswaki mdomoni kabla hajaulizwa.

"Jumatatu ulitoka dukani na gunia," Msasa alisema.

"Na salamu je? Au siku hizi tunaanzia kwenye gunia?"

"Mdogo wangu anapandishwa kizimbani kesho."

Dalali aliacha kutabasamu. Aliinuka, akamwongoza hadi kwenye stoo ndogo nyuma ya benki, akafungua kufuli. Ndani, limeegemezwa ukutani, gunia lilikuwa na kioo cha mviringo kilichobabuka mgongoni.

"Ndicho hiki. Kinakwenda kutiwa zebaki upya, na fundi wa vioo ni yule wa tarehe zisizofika. Tazama, karatasi ya Mzee hii hapa, mwandiko wake, Jumatatu saa saba. Polisi nimewaonyesha. Na ukifikiri mimi ndiye niliyeangusha kabati, kamuulize mke wangu. Mgongo huu hata ndoo ya maji huikataa."

Mwandiko ulikuwa wa Mzee kweli. Matumaini aliyokuja nayo Msasa yaliishia palepale.

"Alikuwa mzima ulipoingia?"

"Mzima, ila mawazo yalikuwa mbali. Alikuwa kwenye simu, ile ya mezani. Kunisalimu hakunisalimu, alininyooshea kidole tu kioo kilipo, na karatasi iko juu yake. Amesimama wima utafikiri yuko mbele ya mwalimu mkuu. 'Shikamoo, shikamoo,' halafu, 'Njoo leo, kijana nimemruhusu aende.' Mimi nikabeba changu nikatoka."

"Alisema hivyo? Kwamba kijana amemruhusu aende?"

"Kwa masikio yangu."

Msasa aliandika maneno hayo na kumtaka aweke saini. Yalikuwa na faida, lakini ndogo. Aliyeruhusiwa kwenda aweza kurudi, na mwenye ufunguo hahitaji kugonga. Alivuka barabara akiwa ameyakazia macho maneno yale juu ya kijana, na yale mengine akayapita.

Dukani alianza upya kwenye kabati, kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa na lilimuumiza kuliko vyote. Miaka miwili iliyopita alilitengeneza mguu, na siku hiyo Mzee alimwomba aweke saini kwenye cheti kwamba ni la kale kweli. Aliweka, tena kwa fahari. Sasa ubao wake wa ubavuni ulikuwa umepasuka, na ndani ya mpasuko yalionekana matundu ya wadudu wa mbao, yale yale ambayo kwa nje yalimpendeza kila mteja.

Alisogeza tochi. Mdudu akiingia ndani ya mbao hutangatanga. Njia yake hupinda, hukutana na nyingine, huishia popote. Haya yalikuwa yamenyooka, yote yenye urefu mmoja, na mwisho wake ulikuwa bapa. Yalitobolewa kwa keekee, kile chombo cha kutobolea mbao.

Msasa alikaa sakafuni kabisa.

"Mama, ndimu unazo ndani?"

"Ndimu?" mjane alishangaa. "Zipo. Unajisikia vibaya?"

"Hapana. Niletee mbili."

Kuna rangi moja ambayo Babu Patasi alimfundisha tangu mwaka wa kwanza. Unalaza misumari yenye kutu ndani ya siki kwa wiki mbili, unachuja, unapaka kwenye mbao mpya iliyokwisha kupakwa majani ya chai yaliyochemka. Mbao hugeuka nyeusi kwa kahawia, sura ya kitu kilichoona vizazi. Ni rangi ya kufichia kiraka kipya kwenye samani ya zamani. Ukikosea, unafuta kwa ndimu, na weusi hukimbia. Weusi ulioletwa na miaka haukimbii kwa ndimu.

Alikwangua vanishi kwenye kipande cha kabati, akadondosha tone, akahesabu mpaka sitini. Duara jeupe lilijitokeza, saizi ya kifungo cha shati. Alijaribu kiti, akapata duara. Kiti cha pili, kasha, meza, fremu. Maduara sita. Kisha akazunguka kwenye vitu vizima, akichagua mahali pasipoonekana, chini ya meza ya marumaru, nyuma ya sanduku la safari, ndani ya kitako cha saa. Ndimu ilikauka na mbao ikabaki ilivyokuwa.

Mjane alikuwa amesimama nyuma yake sasa, amesahau woga wake.

"Nieleze na mimi nielewe," alisema.

"Vilivyovunjwa vyote ni vya bandia, mama. Vilivyo vya kale kweli hakuna hata kimoja kilichokwaruzwa. Saa ilikuwa juu ya kabati la bandia, kwa hiyo ilishushwa kwanza, ikalazwa kama mtoto, ndipo kabati likaangushwa."

Mjane alishika ukingo wa meza. "Basi ndiyo maana," alisema polepole. "Jumapili alikaa mbele ya kabati hili na lenzi mpaka chakula kikapoa. Mtaalamu wa makumbusho alikuwa aje Jumatano kuvikagua vitu vyote, wavichukue. Alipokuja mezani aliniambia, miaka yote hii nimeishi na mgeni nikimwita ndugu. Nikadhani ananisema mimi."

Aliyevunja alijua kipi ni bandia. Msasa hakujua, na ndiye fundi. Mzee alijua Jumapili, miaka yote akiwa nalo. Mtu pekee awezaye kukijua kitu kama hicho bila lenzi wala ndimu ni aliyekitengeneza. Na rangi ya siki na misumari, katika mji huu, ilijuliwa na watu watatu: aliyemfundisha, yeye, na Kitinda.

"Kabati hili lililetwa lini?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Ah, hilo silisahau. Mtoto wangu wa mwisho alijifunza kusimama kwa kulishika mguu. Ndiyo kwanza limeletwa, marehemu akawa anapiga kelele kwamba mtoto atalitia mikwaruzo. Na huyo sasa ana miaka kumi na tisa."

Miaka kumi na minane. Kitinda wakati huo alikuwa na miaka saba, hajui hata kushika msumeno. Msasa alifumba macho kwa shukrani. Alipoyafumbua, shukrani ilikuwa imekwisha, kwa sababu maneno ya dalali yalikuwa yamemrudia, yale aliyoyapita.

Shikamoo, shikamoo. Mzee alikuwa na miaka sitini na sita. Mjini hapa walimwamkia yeye. Mtu ambaye Mzee angemwamkia hivyo na kumsimamia wima mbele ya simu, katika watu wa kazi yao, alikuwa mmoja tu.

Alikusanya kipande kimoja cha kila kitu, akavifunga kwenye kitambaa, akamuaga mjane bila kumwambia anakokwenda.

Karakana ya Babu Patasi ilikuwa mwisho wa barabara ya mafundi, na Msasa angeweza kuifikia akiwa amefumba macho. Miaka ishirini iliyopita alifika hapo na mdogo wake wa miaka mitano mgongoni, wazazi wao wamekwisha kuzikwa. Babu aliwapa chumba cha nyuma, akawapa chakula, akampa yeye kazi. Leo alikuwa kwenye benchi lake, ana miaka sabini na minane na mabega bado ya mtu wa randa, ananoa patasi juu ya jiwe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Natoka dukani kwa Mzee. Saa yake nimeikuta sakafuni."

Jiwe na patasi viliendelea. "Imepona?"

"Imepona."

"Na kining'inio?"

"Kiko kwenye kitambaa, kama ulivyokiweka."

Patasi ilisimama.

"Kwa nini hukuivunja, babu? Ungeivunja na hiyo nisingejua."

Babu Patasi aliifuta patasi kwa kanzu yake ya kazi, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Ile kuna mtu aliketi nayo," alisema. "Meno yake yote amekata kwa mkono. Huyo mtu amekufa zamani, hana wa kumtetea. Ningeivunjaje?"

Alieleza bila kuombwa mara mbili. Mzee aliutambua mkono wake katika vitu vile, akampigia simu, naye akaja kwa mlango wa mbele, akakaribishwa chai asiyoinywa. Mzee alisema atamwambia mtaalamu kila kitu Jumatano, na vitu vilivyokwisha kuuzwa miaka ya nyuma vitafuatwa kimoja kimoja. Babu alimsihi angoje yeye Babu afe kwanza, kwani hakubakiza miaka mingi. Mzee akainuka kwenda kwenye simu.

"Nilimshika mkono. Akajivuta. Sikumpiga, Msasa. Alijivuta nami nikaachia."

"Alikuwa anapumua?"

Babu aliiweka patasi juu ya benchi.

"Nimekuuliza, babu."

"Kwa muda," alisema. "Nilisimama pale. Nikafikiri nikiita watu, wataona na makabati. Nikafikiri sana. Nilipomaliza kufikiri alikuwa ameshakwenda. Ndipo nikavivunja."

Msasa alitamani kukaa lakini hakutaka kukaa kwenye kiti chochote cha humo ndani. "Na Kitinda? Umemlea. Analala kwenye saruji siku ya tatu."

"Nilijua watamwachia. Kila siku nikasema kesho watamwachia."

"Kesho yenyewe anapandishwa kizimbani."

Babu aliinuka kwa kushikilia benchi. Alivua kanzu ya kazi, akaitundika kwenye msumari wake, akavaa koti. "Nitakwenda mwenyewe," alisema. "Nitasema nilivyokwambia. Lakini sikiliza. Usitaje siki. Usitaje ndimu. Wewe hukuwepo katika haya. Ukilitaja jambo hilo umejimaliza, hakuna mtu atakayekupa tena hata kigoda. Niachie angalau hilo."

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele na Msasa nyuma kidogo, na kitambaa cha vipande vya mbao Msasa alikisukuma chini kabisa ya mkoba. Alikuwa amekubali, na alijua kwamba amekubali.

Inspekta aliwasikiliza wote wawili katika chumba chenye meza moja na viti vitatu. Alimsikiliza Babu mpaka mwisho bila kumkatiza, akaandika mistari minne, kisha akaweka kalamu chini.

"Babu," alisema, "wewe ndiye uliyemlea yule kijana?"

"Ndimi."

"Mimi nina kazi hii mwaka wa ishirini na mbili. Kila wiki huja mtu mzima hapa, mama, baba, babu, anasema ni mimi, mwacheni mtoto. Nawaheshimu. Lakini siwezi kupeleka hilo mahakamani. Hukuonwa dukani. Ufunguo huna. Umri wako, samahani, unaangusha kabati?"

"Ukijua pa kuliegemea, linaanguka lenyewe."

"Na kijana hajui pa kuliegemea? Si fundi?"

Babu Patasi alimtazama Msasa, na macho yake yalisema wazi: nyamaza.

Msasa alitoa kitambaa mkobani, akakifungua juu ya meza, akapanga vipande sita vyenye maduara meupe. Aliona aibu. Alieleza kuhusu keekee, kuhusu ndimu, kuhusu saa. Alieleza maneno ya dalali na saini yake, na shikamoo. Alieleza kabati lilivyoingia dukani miaka kumi na minane iliyopita, na kwamba aliyelivunja alijua siri ambayo hata mwenye duka aliijua Jumapili tu.

Inspekta aliinua kipande cha kabati, akakigeuza kwenye mwanga. "Sawa. Si kazi ya mtoto wa miaka saba. Lakini nani aniambie ni kazi ya huyu? Mafundi ni wengi. Rangi hii ya siki, unajuaje ilitoka karakanani kwake?"

"Msasa," Babu alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naichanganya," Msasa alisema. "Nilikuwa mwanafunzi wake. Nilikuwa nalaza misumari, nachuja, nampelekea."

"Ulijua ni ya nini?"

"Niliambiwa ni ya viraka."

"Na uliamini?"

Msasa alitazama kipande kile. "Nilikuwa nachanganya ndoo nzima," alisema. "Sikuwahi kuuliza ni viraka gani vinavyokunywa ndoo nzima."

Inspekta alichukua kalamu, lakini hakuandika bado. "Cheti cha kabati kina saini ya nani?"

"Yangu."

"Nikiandika hili, litasomwa hadharani. Unaelewa?"

"Andika."

Aliandika kwa muda mrefu. Babu Patasi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imelala magotini. Inspekta alipofika chini ya ukurasa aligonga meza mara moja, na askari akachungulia mlangoni.

"Niletee yule kijana wa dukani. Nina swali moja juu ya simu ya Mzee ya Jumatatu. Na mfungue pingu."

Kitinda aliletwa bila mkanda na bila viatu, shati limekunjamana, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alimwona dada yake akaitikia kwa kichwa tu, ameshamzoea. Kisha akamwona mzee aliyekaa kwenye kiti cha pembeni amevaa koti lake la kutokea, na uso wake wote ukafunguka.

"Shikamoo, babu," alisema. "Umekuja kunitoa?"

Babu Patasi hakuweza kusema marahaba. Kijana akabaki amesimama akingoja jibu la salamu yake, akimtazama mmoja na mwingine.

"Ndiyo," Msasa alisema. "Amekuja kukutoa."